Kengele za Mama Furaha Ukutani

Jamani, nikifika karibu na lile kanisa letu la ghorofani, pale katikati ya Durban, mpaka leo navuka barabara nipite upande wa pili, na anayetaka kunicheka anicheke, maana aibu niliyoipata mle ndani bado sijaizoea.

Mama Furaha alikuwa kiongozi wa wamama wote wa kanisa. Siku za kazi alimpikia Bibi Gerda, mjane mmoja Mjerumani wa kule Bluff, na huyo bibi ndiye aliyemfundisha karata za kwao. Si hizi tunazozijua! Zile iko kengele, majani, mioyo na mbegu fulani yenye kofia, na malkia hakuna, ni wanaume watupu ("Nchi gani hiyo haina mwanamke?" Mama alikuwa akiniuliza, huku ananifunga vibaya). Alipougua akashindwa kutoka, mimi (natengeneza simu mjini, laptop haiachi mkono wangu) nikautafuta mchezo ule kwenye mtandao, nikaandika majina yetu wawili, tukawa tunacheza kando ya kitanda chake. Lakini kanisani kwetu karata ni dhambi, mambo ya walevi, kwa hiyo alinishika mkono: "Deo mwanangu, wasijue. Hata Furaha asijue. Niahidi." Nikaahidi.

Akafa katikati ya mchezo, na ilikuwa zamu yake. Nilishindwa kuufunga, niliona nikiufunga ndiyo nimemzika kwa mkono wangu.

Siku ya maziko, Furaha, binti yake wa pekee, akaniomba nionyeshe picha za mama ukutani kwa projekta. Mtu mwenye akili angefunga kila kitu kwanza, lakini mimi nikauficha tu ule mchezo nyuma ya picha, nikajiambia nani atauona, na picha zilipoisha nilikuwa nalia, sioni vizuri, nikabonyeza nisipopajua, eish! ukuta mzima ukajaa kengele na mioyo, na katikati maandishi makubwa ya Kiingereza yakisema kwamba sasa ni zamu ya Mama Furaha.

Mbele ya jeneza lake.

Mtu akapiga ukelele. Mchungaji akageuka: "Ndugu Deo, hii ni nini?"

Ningechomoa waya tu, mambo yangeishia hapo. Badala yake mdomo wangu huu ukasema: "Ni picha za mbinguni, Mchungaji. Alizipenda."

Na hakuna aliyebisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona karata za namna ile! Mchungaji akautazama ukuta, akashika maikrofoni, akaanza: kengele ni za malaika, majani ni ya mti wa uzima, "na mnaona, wapendwa, Bwana anamwita kwa jina, zamu yake imefika!" Amina zikapanda, wamama wakapiga magoti wakilia, na mimi nimesimama pale na waya mkononi natamani ardhi inimeze.

Sasa Bibi Gerda alikuwa amekaa nyuma, na Kiswahili hajui hata neno moja. Yeye aliona ukuta tu. Akainuka na fimbo yake, akaja mbele polepole, machozi yanamtiririka, akafungua mkoba akatoa karata zilezile, za karatasi, zimechakaa pembeni, akaziinua na kusema kwa Kiingereza kila mtu akasikia: "Tulicheza na hizi miaka yote. Nimezileta aende nazo. Alikuwa akinishinda kila mara!"

Mchungaji akashusha maikrofoni taratibu. Mama mmoja akanong'ona, "Karata? Mama yetu?" na macho yote yakanigeukia mimi.

Kaburini wamama hawakuimba. Walikuja na sare zao za kitenge, wakasimama kando wamefunga midomo, na kwetu kiongozi kuzikwa bila wimbo wa wamama ni kama kuzikwa mtu asiye na watu. Hilo linaniuma kuliko aibu yangu. Furaha akaanzisha peke yake, sauti ikakatika katikati, nikaudaka wimbo mimi (nisiyejua kuimba), na Bibi Gerda akatufuata kwa kuguna tu.

Tulipotoka makaburini Furaha akaniambia bila kunitazama: "Kaka Deo, kila nikiingia chumbani mlikuwa mnafunga ile kompyuta, na mama anacheka. Nilidhani mnanicheka mimi."

Nikasema tu, "Pole, dada."

Basi nimeapa: laptop yangu haitaunganishwa tena na ukuta wowote, iwe harusi, iwe msiba, na sitamwahidi tena mgonjwa kumficha mtoto wake kicheko cha mama yake.

Jumapili iliyofuata Furaha alikuja kwangu, akavuta kiti, akasema, "Nifundishe." Nikamweleza kengele, nikamweleza majani, akacheza ile zamu iliyobaki. Mama alikuwa ameacha karata nzuri. Nilifungwa.