Siku Tisa za Dhamana

Mwanangu, nimekusikia ukilalamika kwamba gari lako limeanza kutoa moshi wiki moja tu baada ya dhamana kwisha, na kwamba watengenezaji wanayatega magari makusudi yaharibike. Ulidhani nimekucheka. Sikukucheka wewe. Nilikuwa nimeikumbuka siku moja ya ujana wangu, nina miaka ishirini na minne, nimekaa chini kando ya barabara pale Gazi, gari jipya li mbele yangu halitaki kwenda, nami najiuliza swali lilelile lako: gari hili limejuaje kwamba dhamana imekwisha?

Miaka hiyo ya hamsini, magari ya watu wetu kutoka Msambweni hadi Likoni yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole, na barabara yenyewe ilikuwa vumbi wakati wa kaskazi na tope wakati wa masika. Mimi nililelewa na Mjomba Mwinyihaji, ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Kwa desturi yetu sisi Wadigo mpwa ni mtu wa mjomba, na mali ya mjomba humfuata mpwa. Basi Mjomba aliuza shamba la minazi la Bodo, lile ambalo lingekuwa urithi wangu, akaninunulia gari dogo la mizigo, jipya, dukani Mombasa. Aliniambia kwamba minazi ile ilipandwa na mjomba wake yeye, na kwa kuwa sasa imegeuka magurudumu, niyatunze magurudumu hayo kama minazi.  Asubuhi nikawa napeleka samaki na nazi Likoni, na kurudi napakia abiria.

Duka lilitupa karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja: chombo kikiharibika kwa kosa la kiwandani, watakitengeneza wenyewe bila malipo. Mjomba aliikunja akaitia ndani ya kasha lake. Mimi sikuisoma. Nilikuwa na miaka minne ya shule, ningeweza kuipitia kwa taabu, lakini kijana aliyekabidhiwa usukani hana subira na karatasi. Nilichoweka akilini ni kitu kimoja tu. Tulilinunua gari siku ya tano ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, visheti vya Idd vingali kwenye sahani, kwa hiyo Mfunguo Mosi ujao, siku ya tano, dhamana itakuwa imekwisha. Kwetu hapa ndoa, matanga, mikopo ya mbegu na umri wa watoto vyote vilihesabiwa kwa mwezi mwandamo. Sikuona kwa nini gari lihesabiwe vingine.

Sasa sikiliza hapa, maana kosa langu la kwanza ndilo kubwa. Katikati ya Shaabani, nikishuka mteremko wa kuingia daraja la Mwachema, gia ya pili ilichomoka yenyewe. Nikairudisha. Kesho yake ikachomoka tena, na safari hii nikasikia mvumo mdogo chini ya miguu yangu. Unafikiri nilimwambia nani? Sikumwambia mtu. Gari lilikuwa limesomewa dua na kufukizwa ubani, watu wakilisifu kila kituo, nami niliogopa jicho la watu na midomo yao. Niliogopa zaidi kwamba watasema minazi ya Bodo imeliwa bure. Basi nikajifunza kuushikilia mkono wa gia kwa goti nikiwa mwendoni. Ramadhani ikaingia, abiria wa kwenda kununua nguo za Idd wakawa wengi, na mimi naendesha kwa goti na kutabasamu. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha uchi wa gari kwa karibu miezi miwili.

Siku ya saba ya Mfunguo Mosi, siku mbili baada ya dhamana kwisha kwa hesabu yangu, tulipofika Gazi kitu kilipasuka chini kwa kishindo. Mkono wa gia ukalegea, ukawa unazunguka kama mwiko ndani ya uji. Abiria wakashuka. Bibi mmoja aliliwekea gari kiganja kwenye boneti akaniuliza kama limepata homa. Mwishowe lori la miwa lililokuwa likirudi tupu likatuvuta hadi Msambweni, nami nimekaa nyuma ya usukani ambao haukuwa na kazi, nikiona haya kila tulipopita nyumba ya mtu ninayemjua.

Kesho yake sikuwa na la kufanya ila kuuliza. Nilitaka sana kujua, mwanangu, hata huzuni ilikaa kando kidogo. Mwaka mzima gari lisitoe hata msumari, kisha siku mbili tu baada ya dhamana livunjike? Muuza kahawa aliniambia Wazungu hutia chuma kimoja kilichopimwa kidumu mwaka, basi. Bi Riziki mshona kofia alisema gari lilikuwa likinionea haya kama mke mgeni, na sasa limenizoea. Nililala chini ya gari kwa muda mrefu nikitazama vyuma, nikitafuta pahali linapoweka tarehe. Usicheke. Wewe hukulala chini ya lako, lakini unalolisema ni hilohilo.

Jirani yetu Fundi Masudi, mtu mwema aliyekuwa akitengeneza malori ya mbao, akaniambia kwamba kama dhamana imekwisha, basi tulifungue sanduku la gia tuone. Nikamwambia limekwisha neno la dhamana, fungua. Akatandika gunia, akalala chali, spana ikashika nati ya kwanza.

Hapo ndipo Mjomba alipotokea, kwa miguu, jua limemchoma. Habari alikuwa amezipata kwa abiria, si kwangu, na hilo nililiona usoni mwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, asilitazame gari. Aliniuliza tu dhamana imekwisha lini. Nikamjibu siku ya tano ya Mfunguo Mosi, mwaka kamili.

"Mwaka wa nani huo?" akaniuliza.

Sikuelewa. Ndipo akaitoa ile karatasi kwapani, ameikunja vilevile kama mwaka uliopita. Mjomba alikuwa tarishi wa ofisi ya mudiri, mtawala wa serikali pale kwetu, kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Akaniambia, "Mimi maisha yangu yote nimefunga kwa mwezi wa mbinguni na nimelipwa kwa mwezi wa ofisini. Miezi hiyo haijapata kwenda sambamba hata mwaka mmoja." Akanionyesha tarehe iliyoandikwa kwa wino, tarehe ya Kizungu. Mwaka wa mwezi mwandamo hufika mapema, hutangulia ule mwingine kwa siku kumi na moja hivi. Gari lilikuwa limevunjika zikiwa zimebaki siku tisa. Siku ile tuliyosimama pale zilikuwa nane.

Kisha akanisomea mstari wa chini, ambao karani wa duka hakuugusa siku ile ya kununua: fundi mwingine akikifungua chombo kabla ya wao kukiona, dhamana imeanguka. Fundi Masudi aliitoa spana kwenye nati bila kuambiwa, akakunja gunia lake.  Robo saa nyingine tu, na ningekuwa nimeitupa minazi ya Bodo kwa mkono wangu.

Tulipata lori la kutuvuta, tukavuka na feri ya Likoni, tukafika dukani zikiwa zimebaki siku nne. Msimamizi alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole wa maneno. Aliitazama tarehe, akakubali, akaamuru sanduku la gia lifunguliwe mbele yetu. Kisha akaniuliza tatizo lilianza lini. Nikamwambia siku tano zilizopita, Gazi. Nilimdanganya mchana kweupe, Mjomba amesimama kando yangu.

Fundi wao hakubishana nami. Aliniletea gia ya pili kwenye kitambaa, akaniwekea kiganjani. Meno yake yalikuwa yamelika, yameng'aa kama sarafu ya kale, na mafuta yaliyotoka sandukuni yalikuwa yamejaa unga wa chuma. Chuma hakiliki hivyo kwa siku moja, hata mimi nililiona. Nikasema kweli: tangu Shaabani, na nilikuwa nikiishikilia kwa goti.

Msimamizi alivua miwani. Alisema kosa la kwanza ni la kiwandani, kipande cha kuifungia gia ya pili hakikukaa sawa, na hicho watakibadilisha wao pamoja na gia yenyewe. Lakini gia nyingine zote zilisagwa na unga ule kwa miezi miwili, na hizo ni juu yetu. "Ungekuja siku ile ya kwanza," akaniambia, "ningekubadilishia kipande hiki kidogo, ukaondoka jioni hiyohiyo."

Hakuwa mkali. Laiti angalikuwa mkali, ningelipata wa kumlaumu.

Katika feri, wakati wa kurudi, nilimwambia Mjomba kwamba bado nashangaa gari lilivyoingoja tarehe. Tulikuwa tumekaribia ng'ambo.

"Halikungoja," akasema. "Lilianza kukuambia mapema, likakuambia kila siku, nawe ukalinyamazisha kwa goti. Aliyengoja ni wewe."

Ili zile gia nyingine zipatikane, Mjomba aliuza minazi kumi na miwili ya nyuma ya nyumba yake, yote iliyobaki. Mwezi uliofuata nilikwenda kwake adhuhuri, nikamkuta mkewe anatoka dukani ameshika nazi mbili mkononi. Mwanangu, mke wa Mwinyihaji, mtu ambaye ukoo wake wote umezikwa chini ya minazi, ananunua nazi dukani. Alinipikia wali, akaniandalia kwa heshima zote. Nilikula ule wali na machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Basi lile swali lako nimelichunguza kwa miaka mingi, na hili ndilo nililolipata. Chuma huchakaa kwa safari, hakichakai kwa tarehe. Mara nyingi kilichovunjika baada ya dhamana kilianza kulia ndani ya dhamana, ila tulikuwa na sababu zetu za kutosikia. Mwezi wa mwisho wa dhamana usiupitishe kwa kujisifu kwamba gari halijasumbua. Lipeleke likakaguliwe wakati bado ni mzigo wao, na kila mlio unaousikia uandike, na siku uliyousikia, na uwape waliokuuzia kwa maandishi, ubaki na nakala. Karatasi isome mpaka mstari wa chini. Kama lugha inakushinda uliza, kuuliza si ujinga. Na asiwepo wa kukifungua chombo kabla yao, hata awe fundi mwema kama Masudi.

Na hilo lako la moshi, ambalo dhamana yake imekwisha kweli, usilikatie tamaa. Nenda leo, si Jumatatu. Chukua karatasi za matengenezo yote, wasalimie vizuri, waeleze lini ulianza kuuona huo moshi. Kama ulikuwa unauona kabla ya tarehe kupita, sema hivyo, na kama hukuuona usiseme uliuona, kwa sababu vyuma vitakuumbua. Waulize na wenzako wenye magari kama lako. Mkiwa wengi wenye kasoro moja, muuzaji husikia vizuri zaidi. Yaliyobaki juu yako yalipe bila kinyongo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta wangu nilijengewa na mzee kwa minazi yake ya mwisho.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli ingali ndogo, akukutanishe na wauzaji wenye insafu, na akuepushe na siku ya kumwona mtu aliyekupenda akilipia ukimya wako. Amina.