Kinande cha Misa ya Kwanza

Nikisikia harufu ya maharage makavu na manyoya ya kuku kanisani wakati wa matoleo, narudi kwenye umri wa miaka tisa.

Baba alinitoa Beu, kule Beni, akanipeleka Butembo nikae na mama yake, Mukaka wetu. Mimi nilikuwa na Kiswahili. Yeye, Kinande tu. Tuliongea kwa ishara. Kila Jumapili alinivuta kwenye misa ya kwanza, ile ya Kinande. Mabenchi yalikuwa arobaini na mawili. Niliyahesabu mara mbili, maana sikuwa na kazi nyingine. Mais misa ni misa: nilijua nini kinafuata nini, donc nikawa nalinganisha na ile ya Kiswahili ya Beni. Hapa wanaomba huruma, hapa wanajipiga kifua. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa na misa nzima kichwani, ila kuomba chumvi sikuweza.

Jumamosi moja Mukaka alifunga jogoo wa matoleo kwenye mguu wa meza. Nilimwonea huruma, nikailegeza kamba kidogo tu. Jogoo hakungoja kuambiwa. Mukaka hakunigombeza, alinyamaza mchana kutwa, hata kunitazama hakunitazama. Nikaogopa atanirudisha Beni. Nilitaka kuomba msamaha, na maneno niliyokuwa nayo ni ya kanisani. Basi nikapiga magoti jikoni, nikajipiga kifua, nikaungama kwa Kinande: nimekosa mno, kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Yote hayo kwa jogoo mmoja!

Mukaka aliinua mwiko wa bugali, akanijibu sehemu ya padri mpaka mwisho, uso mkavu. Kisha akacheka hadi akashika ukuta. Toka siku ile hatukunyamaza tena, na Kinande ndicho tulichoongea.

Nilikuwa mtu mzima alipofariki. Kwenye matanga, mama mmoja muuza maharage wa Beni alinishika mkono.

"Mukaka yako? Ule mama alikuwa anatuchokesha na bei mu Kiswahili muzuri!"

"Kiswahili? Mukaka?"

"Ah, batoto ba leo! Unazani zamani alikuwa anauzisha mu soko ya Beni na kimya?"

Mimi, ninayejisifu kwamba sokoni hakuna anayenishinda, nilikuwa nimeshindwa na mwanamke aliyeshikilia bei yake, Kinande tu, bila kupepesa jicho. Na angepunguza, ningebaki mgeni kwake. Nikasimama mbele ya ukoo wote, nikamshukuru Mukaka kwa Kinande, na safari hii kwa maneno yangu mwenyewe.