Kupika Kokoto Nyamwaga

Nilipopelekwa Nyamwaga kupima lami ya barabara, nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na ng'ombe na shamba la migomba. Maabara yetu ilikuwa kontena jirani na uzio wake. Mimi ni wa Singida, Kikurya sikujua hata neno. Yeye aliamua tangu jioni ya kwanza kwamba mimi ni binti yake.

Siku moja alinikuta nimeinamia jiko la gesi, nachemsha kokoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, hayo mawe yataiva lini?"

Nilicheka, nikamwita aone. Kokoto nilikuwa nimezipaka lami na kuzitia kwenye sufuria mbili. Moja ilikuwa na kokoto za lami tupu. Kwenye lami ya nyingine niliongeza matone machache ya dawa ya kuifanya ing'ang'anie jiwe. Nilipomwaga maji, kokoto za lami tupu zilikuwa zimebanduka, zimebaki na mabaka meupe. Zile za dawa zilikuwa nyeusi tii.

"Kwa hiyo maji ndiyo yanayoibandua," alisema, akizigeuza kwa kijiti.

Tangu hapo akawa haachi kupita. Mkuu wangu wa maabara, baba mkimya asiyependa wageni, mwanzoni alinuna, mwishowe akamwekea kiti mlangoni.

Kazi ngumu ilikuwa mlima wa mbele yetu, ambako malori yaliyoshiba mizigo hupanda taratibu na jua la mchana hulainisha lami. Hapo tulihitaji kuchanganya lami na punje za plastiki yenye asili ya mpira, ili lami isilegee kwa joto na ikibonyezwa irudi. Mkuu alitaka tuongeze punje kuliko tulivyopima.

"Mlima huu si wa mchezo," aliniambia.

Tukaongeza. Lami ikawa nzito kupita kiasi, pampu ikaziba, mafundi wakashinda wakisafisha mabomba. Mkuu alikaa peke yake, hakula. Mama akaja na ndoo ya uji wa ulezi, akawagawia mafundi wote, kisha akasimama mbele yake na kikombe.

"Kunywa, baba. Hata mimi ugali hunishinda nikizidisha unga."

Alikunywa. Kesho yake tulirudi kwenye kipimo chetu, tukachanganya polepole hadi punje zote zikayeyuka, tukatandaza.

Mvua za masika zilipopita, mimi na mkuu tulikuwa tumeshahamishiwa barabara nyingine, upande wa Manchira. Mama akanipigia simu.

"Mlima wenu umeshika. Ila mtaro umeziba, maji yanakula ukingo wa barabara. Njooni."

Jumamosi tukaenda, mimi na mkuu, tukiwa na makoleo. Tulizibua mtaro pamoja na majirani wa mama hadi maji yakapata njia. Kisha akatuandalia ugali na maziwa mgando, akamlazimisha mkuu kuongeza tonge, naye akatii bila kubisha.