Mwalimu Herieth na Kitabu cha Baba Mlevi

Mwalimu Herieth yuko mwaka wa sita katika chumba changu cha uani. Kwao ni Chekereni, kwenye mpunga. Alipopanda huku mlimani kufundisha chekechea ya usharika wetu alikuwa hajui hata kumenya ndizi mbichi bila kujipaka utomvu mpaka viwikoni. Sasa anajua. Ukimsikia asubuhi ananguruma peke yake uani, usishtuke, anajaribu sauti ya fisi kwa ajili ya watoto.

Mwaka jana alishuka Moshi mjini akarudi na kitabu cha picha. Akanipa nikione kwanza. Mimi nilimaliza darasa la saba wakati wasichana darasani tulikuwa tisa tu, na mpaka leo nasoma bila miwani. Nikakisoma chote nimesimama. Baba anarudi amelewa. Anapiga sufuria teke. Mama na mtoto wanajificha chini ya meza. Rangi nzuri kabisa.

"Hiki ni cha watoto wa miaka mitano?"

"Ndiyo, bibi."

"Wasomee sungura."

"Kwani bibi, nyie mlisimuliwa sungura tu?"

Akanikamata hapo. Sisi tulisimuliwa irimu, zimwi linalokula watoto, na mama alikuwa akiliigiza mpaka mdogo wangu anajikojolea. Lakini irimu, nikamwambia, hakai nyumba ya jirani. Baba mlevi anakaa.

"Ndiyo maana," akasema, akachukua kitabu chake.

Akawasomea. Wiki haikuisha, Godwin, baba wa Aikande, msichana mdogo wa darasa lile, akafika kwa wazee wa kanisa kushtaki. Mimi ni mmoja wa wazee hao. Tukakaa baada ya ibada, Mzee Ebenezeri akiwa mwenyekiti.

"Mwalimu huyu ananisema!" Godwin akafungua kitabu. "Tazameni. Gambuti zangu. Ng'ombe wangu. Hata kofia!"

"Godwin," nikamwambia, "mlimani hapa nani hana gambuti?"

Watu wakacheka. Godwin hakucheka. Akasema Aikande harudi tena kwa mwalimu huyo.

Ebenezeri akamgeukia Herieth. "Mwalimu, ulikuwa na sababu gani?"

Sababu alikuwa nayo, na mimi naijua. Aikande alikaa mwaka mzima darasani bila kutoa neno. Siku ya kitabu kile aliweka kidole kwenye picha ya meza akauliza, "Mwalimu, na hawa wakitoka hapo wanaenda kulala kwa shangazi?" Herieth alikuja kuniambia jikoni. Angeyasema yale mbele ya wazee, Godwin angekosa pa kuweka uso. Nikamkanyaga mguu aseme. Akakataa. Mtoto alikuwa amemwambia yeye, hakuliambia baraza.

"Nilikosea kutowauliza wazazi kwanza," akasema. "Naomba radhi."

Ikaamuliwa ampelekee Godwin sale. Ni jani lile refu tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba. Aliyekosea hulipeleka kwa aliyemkosea, na aliyeletewa hakatai kusamehe. Herieth akaenda kwenye uzio wangu.

"Bibi, nichume mangapi?"

"Moja! Hii si mboga."

Kesho yake mchana nikamsindikiza. Magreth, mke wa Godwin, alikuwa bandani akimkatia ng'ombe majani. Godwin akalipokea sale mlangoni, uso umekunjamana.

"Nimesamehe," akasema. "Lakini mtoto harudi."

Aikande akachungulia, akaliona jani mkononi mwa baba yake. Mtoto wa huku anajua sale ni la nini. Uso ukamchanua.

"Baba, unampelekea mama?"

Magreth akaacha kukata, panga limesimama hewani. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno nilifungua mdomo, safari hii Herieth ndiye aliyenikanyaga mguu.

Godwin akalitazama jani. Akamtazama mtoto. Kisha akatembea zile hatua chache mpaka bandani, akanyoosha mkono bila kuinua macho.

"Haya, Mama Aikande."

Sale halikataliwi, ila hakuna aliyesema lazima ulipokee mbio. Magreth alifuta mikono kwenye kanga, kidole kwa kidole.

"Nalipokea," akasema. "Lakini habari ya pombe tutaiongea hapa hapa, bibi akiwepo. Na mtoto kesho anaenda shule."

Godwin akaitikia kwa kichwa. Tukaongea mpaka ng'ombe akaanza kulia njaa.

Sisemi Godwin amekuwa malaika. Ameteleza mara mbili tangu siku ile, na mara zote Magreth alikuja kwangu mchana kweupe, akasema wazi, na mimi nikaenda. Ebenezeri mpaka leo anashikilia kwamba kitabu kile hakifai watoto. Mimi namwambia inategemea anayekisoma ni nani, na akishaambiwa kitu na mtoto anakipeleka wapi.

Herieth naye ana malalamiko yake. Anasema Aikande sasa hamwachi amalize hata ukurasa mmoja, anaongea yeye tu.