Masika Ambayo Dizeli Haikupanda Mlima

Kwetu dizeli ilinuka hadi kwenye ugali. Baba aliendesha mashine ya kusaga ya kijiji, huko milimani juu ya Same, upande wa Mamba, na harufu ile ilikaa kwenye mashati yake, kwenye mito, hata kwenye nywele zangu aliponibeba. Wageni walikunja pua. Mimi nilivuta pumzi, maana kwangu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya baba kuwa na kazi. Asubuhi mashine iliponguruma, bonde zima likaitikia, nilijua dunia iko mahali pake.

Nilipokuwa darasa la nne, masika yalikuja kwa hasira. Barabara ya kutoka Same ikamegwa na maji, na lori lililoleta mapipa ya dizeli halikupanda tena. Mashine ikakohoa siku mbili, ikanyamaza. Kijiji kizima kikala makande, mahindi yasiyosagwa na maharage, asubuhi na jioni. Mwanzoni tulitaniana, lakini wiki zilivyopita watoto wachanga wakakosa uji, na jirani yetu Mama Elia, akishuka na mahindi kichwani kutafuta mashine nyingine, akateleza akavunjika mkono. Hapo wazee wakasema imetosha. Maji ya ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mashamba, yachimbiwe mtaro yazungushe gurudumu la kuendesha mashine. Mtu mmoja akauliza mkutanoni, “Na sisi wenye tangawizi huko chini?” Mzee Elinazi, msimamizi wa ndiva, akamjibu, “Gurudumu halili maji, ndugu yangu. Yanapita kulisalimia tu, yanaendelea na safari.” Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshafika mbali kwa mawazo: maji hayanunuliwi kwa pipa, hayawashwi kwa mkono, basi hayamhitaji baba. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwa akili yangu mbachao alikuwa baba.

Kwetu kazi ya pamoja ni msaragambo. Pembe hulia alfajiri, na kila nyumba hupimiwa kipande chake cha kuchimba. Nilipiga hesabu usiku kucha: kipande chetu kisipochimbwa, mtaro utakuwa na pengo, na maji hayaruki pengo. Pembe ilipolia, jembe letu lilikuwa chini ya majani ya mbuzi. Baba alilitafuta kila mahali, mwishowe akaenda mikono mitupu, nami nikamfuata.

“Baba Nakunde, leo unachimba kwa kucha?” mmoja akamtania.

“Mwacheni, mikono ya mafuta haizoei udongo,” mwingine akadakia.

Kisha sauti ya mwanamke, bila kicheko: “Hataki huyo. Afadhali watoto wetu wakose uji kuliko yeye akose mashine.”

Baba alipiga magoti kwenye kipande chetu akaanza kung'oa mawe kwa mikono, moja moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa baba. Nilikimbia nyumbani, nikarudi na jembe nikihema. “Nimeliona, baba.” Alitazama jembe, akatoa jani moja la mbuzi lililonasa kwenye mpini, akalitupa pembeni. “Haya,” akasema, “wewe beba mawe.” Kipande chetu kilikuwa cha mwisho kumalizika.

Siku maji yalipofunguliwa, gurudumu la chuma lilizunguka vizuri, lakini mkanda uliruka kila mara, na unga ulitoka kama pumba. Fundi aliyelichomelea akakuna kichwa. Baba akasogea, akaweka kiganja juu ya mashine, akasikiliza. “Jiwe la kusagia limekaa juu,” akasema. Akalishusha, akakaza mkanda, akarudi nyuma. Unga ukashuka mweupe, laini. Mama Elia akauchota kwa mkono wake mzima, akaulamba. “Kumbe mashine ilikuwa wewe, shemeji!” akasema. “Dizeli ilikuwa chakula tu.” Niliketi palepale kwenye tope nikalia, na watu wakadhani ni njaa.

Sasa nina shahada, na bado natafuta kazi. Kila nisikiapo kitu kipya kinakuja, mimi huanza kuhesabu watakaoachwa njiani, nikiwa wa kwanza. Wasiwasi huo si wa bure: wapo wanaoachwa kweli, na si kila kijiji kina maji yanayoshuka mlimani. Hata kwetu kiangazi maji hupungua, ndipo zikaongezwa paneli za sola juu ya bati la mashine. Mwezi uliopita nilipanda kumsalimia baba. Mvua ilikuwa imekata barabara tena, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda akimfundisha binti wa Mama Elia kuusoma mkanda kwa sikio, bila kupaza sauti, kwani siku hizi injini ya dizeli haingurumi, na mle ndani watu huzungumza. “Shikamoo baba.” “Marahaba. Shika mdomo wa gunia hilo.” Nikalishika. Kwa mazoea nikaanza kuorodhesha kimoyomoyo yote yanayoweza kuharibika, na orodha ikaniishia kabla gunia halijajaa.