Mrija wa Ndikuriyo

Kama kuna mtu Bugarama aliyezaliwa akibisha, basi ni jirani yangu Ndikuriyo. Mwenyekiti wa kitongoji humwita kambi ya upinzani, maana kikao kizima kikikubaliana jambo, mkono wa Ndikuriyo uko juu kupinga. Bwana shamba alipoleta mbegu ya mihogo yenye ukinzani dhidi ya ugonjwa wa batobato, yeye aliikataa misimu miwili. Alipoona ya kwangu imenawiri akaja kuomba vipando, na bado akabishana nami namna ya kuvipanda. Nilimpa vile vilivyokaukakauka, Mungu anisamehe.

Binti yake Keza ni fundi umeme, anafunga nyaya kwenye nyumba za watu hadi kule Rusumo. Siku moja alimkuta baba yake ameunganishia pasi waya mwembamba wa redio, umechemka hadi unanuka. Akamweleza taratibu kwamba waya mwembamba una ukinzani mkubwa, umeme ukilazimishwa kupita humo unageuka joto, na nyumba inaweza kuungua. Ndikuriyo akasema waya ni wake na ametoka nao mbali. Keza akazima umeme, akaukata waya kwa koleo, akaendelea na shughuli zake. Ubishi wa nyumba ile ulikuwa umepata mrithi.

Mwaka jana Ndikuriyo alianza kukohoa. Tulimwambia aende zahanati, akasema ni vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha. Alikohoa wiki tano mpaka mkewe Restuta akamkokota mwenyewe, akakutwa na kifua kikuu. Akapewa dawa za miezi sita. Mwezi wa pili nguvu zikarudi, akavitupa vidonge juu ya kabati na kurudi kwenye urwagwa, pombe yetu ya ndizi, ambayo alikuwa anaipenda kupita kiasi.

Nesi Anneth alikuja na pikipiki, akakaa naye uani asubuhi nzima. Nilikuwepo, nikijifanya nachambua maharage. Alimweleza kwamba mtu akiacha dawa njiani, vijidudu vinavyobaki hujenga usugu, na dawa hizi haziviwezi tena. Pombe nayo aiache kabisa, kwa sababu ikichanganyika na vidonge inaharibu ini. Ndikuriyo akauliza kama vijidudu hivyo ni vibishi kuliko yeye. Anneth akamwambia ndiyo, tena kwa mbali. Hilo lilimuudhi kwelikweli, na tangu siku ile hakuruka kidonge hata kimoja.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa siri yetu watu wachache. Alipofika mwezi wa nne wa dawa, mzee Habonimana wa Kanazi akatuma salamu kwamba anakuja na ndugu zake kumposa Keza kwa ajili ya mwanawe Fabrice.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwetu, wakwe wakija, mtungi wa urwagwa huwekwa katikati, na baba wa binti ndiye anayetia mrija wa kwanza na kunywa. Asipokunywa, amekataa posa. Wageni huinuka, wakaaga, na mambo yakaishia hapo. Na kusema ukweli wa ugonjwa ilikuwa hatari vilevile, kwa sababu wapo watu ambao wakisikia kifua kikuu hawarudi tena kwenye nyumba hiyo hata kwa maji ya kunywa.

Asubuhi ya siku yenyewe Restuta alimwomba mbele yangu. "Baba Keza, funda moja tu, kwa ajili ya mtoto." Keza alisimama mlangoni macho yamemwiva, naye, mtoto wa kubisha, hakusema kitu. Moyo uliniuma.

Wageni wakaja, shikamoo na marahaba zikaisha, mtungi ukaletwa na mirija yake. Ndikuriyo akachukua mrija wake, akaukunja, akauweka chini. Wajomba wa Fabrice wakatazamana. Mmoja alikwisha kuvaa kofia.

"Wakwe zangu, sijakataa posa," Ndikuriyo alisema. "Nina kifua kikuu. Nesi amesema kwa dawa hizi siambukizi tena, na nimebakiza miezi miwili. Lakini nikionja hii, najijua, siishii funda moja, na vidonge vitarudi juu ya kabati. Nami nataka kuona wajukuu. Anayetaka kuondoka, njia ni ile."

Hata pale, jamani, hakuweza kuomba kwa upole. Nilitamani kumfinya.

Restuta alijifunika uso kwa kitenge. Habonimana aliutazama ule mtungi muda mrefu, mzee wa watu, mate yanamtoka, maana ametoka Kanazi kwa miguu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Huyu Fabrice," alisema, "hajui kukataa kitu. Akiitwa kwenye pombe anakwenda. Akiombwa baiskeli anatoa, na mimi natembea kwa miguu. Nimekuwa nikimwomba Mungu anipe mkwe kutoka nyumba ya watu wanaojua kusema hapana. Mama, huna juisi ya ndizi ambayo haijachacha?"

Restuta alikwenda mbio kuliko umri wake. Aliporudi, mtungi wa urwagwa uliondolewa na wa juisi ukawekwa mahali pake. Vijana walioutazama ule wa kwanza ukipita walisikitika waziwazi, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Habonimana akachagua mrija mpya, akaupangusa kwa kiganja, akamkabidhi Ndikuriyo kwa mikono miwili. Nikangoja kusikia kwamba mrija ni mfupi, au juisi ni chapwa. Ndikuriyo aliinama akanywa, machozi yakidondokea kwenye mtungi wa wakwe zake, na hakuna aliyemwambia ayafute.