Leo nimeongea Kisukuma kaunta

Leo nimevunja sheria ya benki, na meneja ameniona!

Niko field hapa Bariadi, na tumeambiwa kaunta ni Kiswahili tu.

Akaja mama mmoja wa Zagayu na mpwa wake. Kiswahili kinampita. Mpwa anamhimiza aweke dole gumba kwenye fomu.

Nikashindwa kunyamaza. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimia, kisha nikamuuliza kwa Kisukuma fomu ni ya nini.

"Ya kadi mpya," mama akajibu.

Jamani! Ilikuwa ya kumruhusu mpwa atoe hela kwenye akaunti ya mama.

Nilipomweleza, akaficha mkono kwenye kitenge. Mpwa akatoka bila kuaga.

Meneja akasema, "Kesho ukae dawati la wateja, uwasaidie wasiojua Kiswahili."

Mama akaniuliza, "Wewe binti wa nani?"

Nikamtaja kwa sauti baba yangu, mkulima wa pamba. Ofisi nzima ilisikia.

Nyie mngenyamaza?